Kupunguza tumbo ugenini: tangu Mfalme Sancho mpaka Al Barsha

Najua nimepotea kidogo, zamu zimenibana. Lakini leo nimekaa chini niwajibu, maana tangu mwaka uanze swali ninaloulizwa kuliko yote si la tiketi wala la simu za Deira. Ni hili: "Dada, hapo Al Barsha kupunguza tumbo ni shilingi ngapi?" Wengine mmeuliza waziwazi, wengine mmeuliza "kwa ajili ya rafiki yangu" (haya, tumeelewana). Mmoja wenu ameniambia yuko tayari kuuza kiwanja.

Bei nitaigusa, lakini kwanza nataka niwape historia, kwa sababu nikitaja bei peke yake nitakuwa nimewadanganya. Jambo hili ni la zamani kuliko mnavyofikiri, na ukilifuata tangu mwanzo utaona wenyewe ni kitu gani hasa mtu ananunua, na ni kitu gani hakiuzwi.

Tuanzie mbali kabisa. Mwaka 958 mfalme Sancho wa Kwanza wa León, ufalme wa Kikristo kaskazini mwa Hispania, aliondolewa kwenye kiti chake. Wanahistoria wanamwita Sancho Mnene. Alinenepa mpaka, inasemekana, hakuweza kupanda farasi, na zama zile mfalme asiyepanda farasi huyo si mfalme tena. Bibi yake, Malkia Toda wa Navarra, akaamua kumtafutia tiba ugenini, tena kwa watu waliokuwa maadui zao vitani: Waislamu wa Córdoba, kwa Khalifa Abd al-Rahman wa Tatu. Córdoba wakati ule ndiyo ilikuwa Dubai ya Ulaya, yenye matabibu, maktaba na taa za barabarani. Daktari aliyepewa kazi hiyo aliitwa Hasdai ibn Shaprut, Myahudi, tabibu na mtu wa karibu wa Khalifa. Namna alivyomtibu zimebaki hadithi nyingi, wengine wanasema alimshona midomo, msiziamini zote. Lenye uhakika ni kwamba Sancho alipungua, akapata na msaada wa jeshi la Khalifa, na mwaka 960 akarudi kwenye kiti chake. Malipo? Aliahidi kutoa ngome zake kadhaa. Basi huyo ndiye mgonjwa wa kujilipia wa kwanza ninayemfahamu aliyevuka mpaka ili apungue unene, na wala hakuuza kiwanja kimoja, aliuza ngome!

Naomba mshike jambo moja kutoka kwa Sancho: alikaa kwa daktari wake mpaka alipopungua. Hakuondoka baada ya siku nne akiwa na begi la dawa. Tutarudi hapo.

Sasa turuke miaka elfu moja hivi, twende Marekani. Mwaka 1954 madaktari wa Minnesota, akiwemo Arnold Kremen, walichapisha habari za upasuaji wa kuunganisha mwanzo wa utumbo mwembamba na mwisho wake, ili chakula kipite haraka kisifyonzwe. Kwa lugha ya barabara zetu ni kuweka mchepuko (acheni kucheka, si ule mnaoufikiria). Miaka ya 60 na 70 upasuaji wa namna hiyo ulifanywa kwa watu wengi, na kweli walipungua sana. Mwanzoni ilionekana ni muujiza. Baadaye wakaanza kurudi hospitali na kuharisha kusikokwisha, mawe kwenye figo, upungufu wa vitamini, na wengine maini yameharibika kabisa. Kuna waliokufa. Ikafika miaka ya 80 upasuaji huo ukaachwa. Lakini ilijulikanaje kwamba ni mbaya? Siku ya upasuaji isingejulikana. Ilijulikana kwa sababu wagonjwa walirudi kwa madaktari walewale, na mafaili yao yalikuwepo.

Mwaka 1966, huko Iowa, Dk. Edward Mason alianza njia nyingine. Alikuwa ameona kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda vya tumbo walikuwa hawanenepi tena. Akafikiri: kwa nini tusiwasaidie wanene kwa njia hiyo? Akatengeneza mfuko mdogo juu ya tumbo na kuuunganisha na utumbo. Upasuaji huo, baada ya kurekebishwa mara nyingi, ungalipo mpaka leo. Mason alifariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 100, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliitumia kufuatilia wagonjwa wake: nani ananenepa tena, nani ana upungufu wa damu, nani mifupa yake inadhoofika.

Mpaka hapo upasuaji huu ulikuwa wa kupasua tumbo lote kwa mkato mrefu. Mgonjwa mnene akipasuliwa hivyo kidonda kinachelewa kupona, na hatari inakuwa kubwa. Hakuna aliyewaza kupanda ndege kwenda kufanyiwa jambo kama lile na kurudi nyumbani wiki hiyohiyo. Kilichobadilisha mambo ni upasuaji wa matundu madogo, ule wa kuingiza kamera na vyuma vyembamba.

Na hapa, ndugu zangu, kuna jina la kujivunia. Mwaka 1993, katika mji wa Huy nchini Ubelgiji, daktari aliyeweka kwa njia ya matundu madogo pete ya kwanza inayoweza kukazwa na kulegezwa kuzunguka mfuko wa chakula alikuwa Mitiku Belachew. Ni Mwafrika mwenzetu, mzaliwa wa kijijini Ethiopia, aliyechunga mifugo utotoni kabla ya kwenda shule na hatimaye Ulaya. Pete yake haikukata kitu tumboni. Iliminya tu juu ya mfuko wa chakula, na ilikuwa na mrija mdogo unaoishia chini ya ngozi, ambapo daktari anachoma sindano kuongeza au kupunguza maji ili kuikaza au kuilegeza. Mwaka 2001 Marekani nayo ikaruhusu pete ya aina hii, na watu wengi sana duniani wakavishwa.

Sasa fikirieni kidogo. Pete ile inahitaji kurekebishwa. Ukivishwa ugenini ukarudi Korogwe, nani atakuchoma sindano ya kuikaza? Ikiteleza ukawa hata maji hayapiti, nani atailegeza usiku ule? Miaka ilivyokwenda ilionekana kwamba pete inamfaa zaidi mtu anayekaa karibu na kliniki yake na kwenda mara kwa mara. Wengi walishindwa kupungua walivyotarajia, na pete nyingi zikaja kuondolewa. Leo zinawekwa kwa nadra.

Iliyochukua nafasi yake ndiyo hii mnayoniuliza. Kuanzia miaka ya 2000 madaktari, akiwemo Michel Gagner, walikuwa wakifanya upasuaji mkubwa kwa awamu mbili kwa wagonjwa wazito mno: kwanza wanakata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kubakiza mrija mwembamba mfano wa ndizi, halafu mgonjwa akishapungua wanarudi kwenye utumbo. Wakashangaa kuona wengine wamepungua kiasi kwamba awamu ya pili haina haja. Basi awamu ya kwanza ikawa upasuaji kamili. Unaondolewa kama robo tatu ya mfuko wako au zaidi, na pamoja nayo ile sehemu inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, ambayo Wajapani waliigundua mwaka 1999. Ndiyo maana mtu anakwambia "sisikii njaa kabisa". Kufikia katikati ya miaka ya 2010 huu ndio ulikuwa umeongoza duniani.

Na ndio uliofungua mlango wa safari. Hauna pete ya kukaza, hauna sindano, unalala hospitali siku mbili tatu, unapanda ndege. Kwa mfanyabiashara wa hospitali ni bidhaa nzuri ya kuuza kwa mtu wa mbali: tiketi, hoteli, upasuaji, dereva uwanjani, vyote kifurushi kimoja.

Tuje sasa huku kwangu, muone jinsi njia ilivyogeuka. Zamani watu wa Ghuba ndio waliosafiri kwenda kutibiwa. Kabla ya mafuta, mwenye uwezo wa Dubai alikwenda Bombay, au Bahrain kwenye hospitali ya wamisionari wa Kimarekani iliyofunguliwa mwaka 1903. Dubai yenyewe ilipata hospitali yake ya kwanza, Al Maktoum, kule Deira mwaka 1951. Al Ain walipata yao mwaka 1960, ya wamisionari pia. Wakati huo Unguja tulishakuwa na mahospitali siku nyingi. Lile jengo lenye roshani za mbao zilizonakshiwa pale Mizingani, alilolianzisha tajiri Tharia Topan mwaka 1887, lilikusudiwa liwe hospitali. Na Oman ilipofunguka baada ya 1970, miongoni mwa walioirudia na kwenda kuijenga walikuwemo watu waliosoma Zanzibar. Kwa hiyo msije mkadhani elimu ya tiba ilikaa huku tangu azali. Inahama, na inafuata walipo watu wenye nia na fedha.

Dubai ikajenga Rashid Hospital mwaka 1973, ikaanzisha mji mzima wa hospitali, Dubai Healthcare City, mwaka 2002, na Aprili 2016 Mamlaka ya Afya ya Dubai ikazindua mpango rasmi wa kuvuta wagonjwa kutoka nje. Al Barsha ilikuwa mchanga na nyumba chache. Mwaka 2005 ikafunguliwa Mall of the Emirates, mwaka 2009 metro ikapita, na miaka ya 2010 zikaota hospitali binafsi kubwa: Saudi German, Al Zahra, na Mediclinic Parkview upande wa kusini. Nchi za Ghuba zina wanene wengi na kisukari kingi, kwa hiyo madaktari wa upasuaji huu hapa wanapata mazoezi ya kutosha kwa wenyeji kabla hata mgeni hajafika. Hilo ni jambo zuri, silikatai.

Bei yake inahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dirham. Kwa shilingi zetu ni mamilioni mengi, ndiyo hiyo bei ya kiwanja. Bima nyingi za kawaida hazigusi jambo la uzito, na bima ya nyumbani haitakufuata huku. Unalipa mfukoni, na mara nyingi unalipa kabla hujalala kitandani.

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Serikali yetu kwa miaka mingi imepeleka wagonjwa India kwa ajili ya moyo, figo na saratani. Wale wanakwenda kwa rufaa: jopo la madaktari limekaa, barua imeandikwa, na wakirudi kuna daktari anayesubiri majibu. Anayejilipia hana barua. Hakuna aliyemtuma, kwa hiyo hakuna anayemngojea. Anaonekana yuko huru kuliko yule wa rufaa, lakini ukweli ni kwamba amekwenda peke yake.

Na yanayowapata waendao peke yao yameandikwa. Mwaka 2019 idara ya afya ya Marekani ilitoa onyo baada ya Wamarekani waliokwenda kupasuliwa Tijuana, Mexico, wengi wao kwa ajili ya uzito, kurudi na vidudu visivyosikia hata antibayotiki kali. Ilibidi wakatafutwe mji kwa mji, maana walishatawanyika. Mwaka 2023 watu zaidi ya 60 waliugua kwa sumu inayolegeza misuli baada ya kuchomwa sindano tumboni ili wapungue, wengi wao Istanbul. Waligundulika wakiwa wamesharudi makwao, Ujerumani na kwingineko. Na mtakumbuka dada mmoja wa Alexandria, Misri, aliyeripotiwa kuwa na kilo kama 500. Februari 2017 alisafirishwa kwa ndege ya mizigo mpaka Mumbai, akapasuliwa, akapungua sana, akahamishiwa Abu Dhabi mwezi Mei, na Septemba mwaka huohuo akafariki, moyo na figo vikiwa vimeshindwa. Mungu amrehemu. Kwake kisu kilifanya kazi yake, lakini maradhi aliyokuwa nayo mwilini yalikuwa makubwa kuliko upasuaji.

Sisemi upasuaji huu ni mbaya. Kinyume chake. Sweden walianza mwaka 1987 kufuatilia watu zaidi ya 4,000, nusu wamepasuliwa, nusu hawakupasuliwa. Mwaka 2007 wakatoa majibu: waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao. Kisukari kinatulia, presha inashuka, magoti yanapumua. Kwa mwenye kuhitaji ni tiba kamili. Lakini angalieni, ushahidi ule mzuri umetoka kwa watu waliopimwa mwaka baada ya mwaka katika nchi yao wenyewe. Faida tunayoisoma ni ya waliofuatiliwa.

Kwa nini nalisisitiza hili? Kwa sababu ya kitu kimoja cha kwetu. Sisi mtu akinenepa tunasema amependeza, mambo yake safi. Akikonda ghafla, tunanong'ona. Miaka ya 80 Waganda waliuita ukimwi "slim", yaani kukonda, na woga ule bado uko kwenye macho ya watu. Kwa hiyo dada anayerudi kutoka huku amepungua kilo 30 anaficha. Anasema ni mazoezi, ni maji ya ndimu. Hata mumewe wakati mwingine hajui. Mwezi wa tatu anatapika kila anachokula, miguu inakufa ganzi, anaanza kuchanganya maneno. Anapelekwa hospitali ya wilaya, anatibiwa malaria. Kumbe ni upungufu wa vitamini B1, na kila siku inayopita bila kupewa ubongo unaumia. Muuguzi wa pale si mjinga, hajaambiwa tu! Mshono unaovuja, damu inayoganda miguuni na kupanda mapafuni, mawe kwenye nyongo, upungufu wa damu miaka mitano baadaye, yote haya yanatibika mapema kama anayekupokea anajua ulifanywa nini. Siri ndiyo hatari kuliko kisu.

Basi kabla ya kuuza kiwanja, fanyeni haya.

Kwanza, jipimeni. Chukua kilo zako, gawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye mita 1.60 na kilo 103 anapata kama 40. Tangu 1991 kipimo kilichotumika kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii vikashusha kuwa 35, au 30 kwa mwenye maradhi hayo. Mwenye kitambi cha harusi mbili tatu hayumo humu. Siku hizi kuna na sindano za kila wiki, ile ya semaglutide iliruhusiwa Marekani kwa ajili ya uzito mwaka 2021, lakini nazo ukiacha uzito hurudi, na za vichochoroni msiziguse.

Pili, ulizeni nyumbani kwanza. Miaka hii ya 2020 Muhimbili Mloganzila wameanza kuweka puto tumboni na kufanya upasuaji wa kupunguza uzito, na Nairobi kuna hospitali binafsi zinazofanya. Hata kama moyo wako uko Dubai, nenda ukamwone daktari wa nyumbani, mwambie mpango wako, muulize kama atakupokea ukirudi. Akikubali, umeshapata ile barua ambayo wa kujilipia hana.

Tatu, usiondoke huku bila maandishi: jina kamili la upasuaji, tarehe, dawa ulizopewa, vipimo vya damu, na namba ya daktari. Tengeneza nakala, moja mpe mtu mmoja unayemwamini. Weka fedha pembeni za vitamini na za vipimo vya kila mwaka, maana hivyo ni vya maisha. Ukiona baada ya tiketi na upasuaji huna hela ya vitamini, basi hela haijatosha, subiri.

Mfalme Sancho alikuwa na bibi aliyekwenda naye Córdoba. Ninyi mtafuteni wenu, awe shangazi, mume, dada au rafiki. Mtu mmoja ajue. Na yule aliyeniambia habari za kiwanja, mpenzi wangu, hati usiitoe kabatini kwanza. Nenda Mloganzila wiki hii, halafu niandikie wamesema nini.

Maswali yaleteni, nitajibu nikitoka zamu. Wasalimieni wazee wote.